Kutathmini machapisho ya mtafiti wa saratani: Google Scholar inasema 34, Scopus inasema 19. Nishike ipi?

Katibu_wa_Jopo

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kitaalamu.

Ninaandaa taarifa ya machapisho ya mtafiti wa saratani anayeomba kupanda kutoka Mhadhiri Mwandamizi kwenda Profesa Mshiriki. CV yake ina machapisho 112. Ninapokwama ni hapa:

1. h-indeksi yake Google Scholar ni 34, Scopus ni 19.
2. Zaidi ya nusu ya nukuu zake zinatoka kwenye makala tatu zenye waandishi mamia. Jina lake limo katikati huko, limezama.
3. Kuna makala kama 20 anazosema zimetoka Journal of Clinical Oncology, lakini nikizifungua nakuta aya moja moja tu.
4. Ameandika kwamba yumo kwenye "asilimia 2 ya wanasayansi bora duniani" ya Stanford.
5. Mjumbe mmoja anataka tujumlishe impakti fakta za majarida yote aliyochapisha ili tupate namba moja ya kumlinganisha na wenzake.

Mimi ni mtu wa uhandisi, saratani siijui. Naanzia wapi, na kipi ni cha kawaida kwenye fani yao?

---

Mkutubi_Rafu_ya_Tatu

Mkuu, kwa sasa usishike yoyote. h-indeksi huhesabiwa juu ya orodha: mtu ana h ya 19 akiwa na makala 19 ambazo kila moja imenukuliwa mara 19 au zaidi. Ndivyo Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alivyoiweka mwaka 2005. Orodha ikiwa na takataka, namba nayo ni takataka.

Google Scholar inaokota kila chenye sura ya kitaaluma: tasnifu, ripoti, makala za awali ambazo hazijahakikiwa, wakati mwingine nakala mbili za makala ileile. Halafu wasifu wa huko mwenyewe ndiye anausimamia. Akiuacha ujiongezee makala wenyewe, unabeba hata za watu wanaofanana naye jina. Scopus kwa upande wake inahesabu nukuu kutoka kwenye majarida iliyoyakubali tu, na majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo. Akinukuliwa huko, Scopus haimwoni. Kwa hiyo pengo la 34 na 19 si dalili ya udanganyifu.

Tengeneza orodha yako. Anza na ORCID, ile namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16. Iingize PubMed, kanzidata ya makala za tiba, ikifuatiwa na [auid]. Zitakuja chache, kwa sababu ORCID ilianza 2012 na si majarida yote yanaituma, lakini hizo zina uhakika kuliko nyingine. Zitumie kujua taasisi alizopitia na watu anaoandika nao, maana ndio watakaokusaidia kutambua makala nyingine ni zake au si zake.

Kisha tafuta kwa jina, na hapa majina yetu huleta balaa. Chukua jina la kubuni, Asha Salum Mbwana. Jarida moja litaandika Mbwana AS, jingine Salum AM, jingine Asha SM kwa sababu aliyejaza fomu aliweka jina la kwanza kwenye kisanduku cha ukoo. Akiolewa akaongeza jina la mume, ni la nne hilo. Yaunganishe yote kwa OR, kila moja likiwa na [au]. Baada ya hapo rudia kwa [1au] upate alizoandika kama mwandishi wa kwanza, na [lastau] kwa zile alizo wa mwisho.

Mtego mmoja: watu hupunguza wingi wa majina kwa kuongeza jina la chuo na alama [ad]. Kati ya 1988 na 2013 PubMed iliweka anuani ya mwandishi wa kwanza tu. Za waandishi wote zimeanza kuingizwa 2014. Ukichuja kwa chuo, utapoteza makala zake za zamani ambazo hakuwa wa kwanza. Chuja kwa macho.

Scopus nako angalia kama ana wasifu zaidi ya mmoja. Ni jambo la kawaida: anakuwa na mmoja wenye makala 40, na mwingine wenye makala 6 za enzi za shahada ya uzamili. Hiyo 19 inaweza kuwa ya kipande tu. Maombi ya kuunganisha wasifu yanatumwa humohumo Scopus na huchukua muda, kwa hiyo usisubiri wiki ya kikao. Kama chuo hakina Scopus, muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida na kanzidata, au tumia OpenAlex, kanzidata nyingine ya machapisho ambayo ni bure. Ila OpenAlex ina ugonjwa wa kinyume: huwa inawachanganya watu wawili wenye jina moja wakawa mtu mmoja.

Yote hayo yaingie Excel, mstari mmoja kwa kila makala: mwaka, kichwa, jarida, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), PMID (namba yake PubMed), aina ya makala, nafasi yake kati ya waandishi, idadi ya waandishi, mara ilizonukuliwa, chanzo cha namba hiyo, na tarehe uliyoichukua. Panga kwa DOI, nakala pacha zitajitokeza zenyewe. Ambazo hazitajitokeza ni makala ya awali na makala kamili ya kazi ileile, maana kila moja ina DOI yake. Za medRxiv na bioRxiv, hifadhi za makala za awali, kwa miaka mingi zimeanza na 10.1101, lakini usifute kila yenye 10.1101: jarida la Genes & Development nalo linaanza hivyohivyo na lile ni jarida kamili.

Kuhusu swali la 3: hizo ni mihtasari ya mkutano wa mwaka wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani. Huchapishwa kama nyongeza ya jarida hilo la JCO. Angalia DOI, utakuta "suppl" ndani yake. Namba ya muhtasari ikianza na herufi e, ulichapishwa mtandaoni tu, haukusomwa ukumbini wala kubandikwa kama bango. Kuiorodhesha siyo kosa. Kosa ni kuichanganya na makala. Ihamishie kwenye karatasi yake, na uangalie ni mingapi ilikuja kuwa makala kamili baadaye. Hiyo inakueleza habari za mtafiti kuliko wingi wa mihtasari yenyewe.

---

Takwimu_za_Uvimbe

Mkutubi amemaliza suala la orodha. Mimi niguse swali la 2 na la 5, maana yana mzizi mmoja.

Kwenye saratani zipo makala zinazonukuliwa kwa sababu kila mwandishi anahitaji chanzo cha sentensi yake ya kwanza: "saratani ya matiti ni miongoni mwa zinazoongoza duniani". Chanzo hicho mara nyingi ni ripoti za GLOBOCAN, makadirio ya saratani duniani, zinazotolewa na IARC ya Lyon, shirika la WHO la utafiti wa saratani, na kuchapishwa kwenye CA: A Cancer Journal for Clinicians. Makala ya GLOBOCAN 2020 iliyotoka 2021 imenukuliwa makumi ya maelfu ya mara. Jarida hilo huchapa makala chache kwa mwaka. Sasa kumbuka impakti fakta inavyopatikana: nukuu za mwaka huu kwa vilivyochapishwa miaka miwili iliyopita, gawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Juu kubwa, chini dogo. Ndiyo maana impakti fakta ya CA kwa mwaka 2020 ilivuka 500, wakati majarida mazuri kabisa ya saratani yako kwenye 5 au 10.

Mwambie mjumbe wako ajumlishe hapo aone. Makala moja ya CA itamshinda mtu mwenye makala 60 za maabara, hata kama kazi yake ndani ya hiyo moja ilikuwa kusoma rasimu. Impakti fakta ni wastani wa jarida. Makala iliyomo humo inaweza kuwa haijanukuliwa hata mara moja. Azimio la DORA kuhusu kutathmini utafiti, lililoandaliwa San Francisco mwishoni mwa 2012, linapinga matumizi hayohayo: kutumia kipimo cha jarida kuamua ajira au kupandishwa cheo.

Makala za waandishi mamia ni jambo la kawaida huku. Mradi wa Global Burden of Disease wa Seattle una mtandao wa washirika maelfu. CONCORD-3, utafiti wa muda wanaoishi wagonjwa wa saratani uliotoka The Lancet 2018, ilikusanya wagonjwa zaidi ya milioni 37 kutoka rejista za saratani 322 za nchi 71. Bila watu wa rejista zile isingeandikika. Kwa hiyo usizitupe, zitenge. Kabla ya kuzitenga, hakikisha kama kweli ni mwandishi. Wapo wanaotajwa chini ya jina la muungano wa watafiti kama washiriki tu, na PubMed huwaweka chini ya alama [ir] badala ya [au]. Makala hizo haziji ukitafuta kwa [au], lakini kwenye CV za watu zimo kama za kawaida.

Hesabu mara mbili, zikiwemo na zikiwa nje. Mfano wa kubuni: makala kumi zimenukuliwa mara 310, 88, 45, 19, 12, 9, 7, 6, 4 na 1. Shuka na orodha: ya saba ina 7, ya nane ina 6 ambayo ni chini ya 8. h ni 7, jumla ya nukuu 501. Sasa ile ya 310 ni ya muungano, iondoe. Zinabaki tisa, ya sita ina 7, ya saba ina 6. h ni 6, jumla 191. Umeona? Jumla imeporomoka kwa zaidi ya asilimia 60, h imeshuka kwa moja tu. Kwa mtu wa namna hii jumla ya nukuu ndiyo inayodanganya zaidi, h haiyumbi sana. Udhaifu wa h ni mwingine: haishuki kamwe na inapendelea waliokaa kazini muda mrefu. Igawe kwa miaka tangu chapisho lake la kwanza. Hirsch mwenyewe alipendekeza hivyo.

Usilinganishe pia matawi tofauti ya saratani kwa namba ghafi. Mtu wa epidemiolojia anaweza kutoa makala nane kwa mwaka kutoka kwenye data moja. Mtu wa maabara anayefuga panya wenye uvimbe anaweza kukaa miaka mitatu kwenye makala moja. Mtu wa tiba shufaa ananukuliwa kidogo kwa sababu wanaoandika kuhusu tiba shufaa ni wachache. Kwa hili tumia iCite ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ni bure: bandika PMID zake zote, inakupa RCR, yaani uwiano wa nukuu, ya kila makala. RCR ya 1.0 maana yake makala inanukuliwa sawa na ile ya katikati kati ya zilizofadhiliwa na NIH kwenye uwanja wake na mwaka wake. Usichukue wastani wa RCR, makala moja kubwa itauvuta. Chukua ya katikati. Makala zisizo na PMID hazimo humo, na za mwaka huu na uliopita zisomeke kwa tahadhari kwa sababu nukuu bado hazijafika.

Mwisho, tenganisha utafiti na mapitio. Makala ya Hanahan na Weinberg kuhusu sifa bainifu za saratani, iliyotoka Cell mwaka 2000 kisha ikapanuliwa 2011, ni miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika fani nzima, na ni mapitio, haina jaribio hata moja jipya. Mapitio mazuri ni kazi kubwa, lakini swali la jopo huwa ni kama mtu anazalisha maarifa mapya.

---

Mwana_Rejista

Napingana kidogo na hapo juu. "Zitenge" ni rahisi kusema ukiwa na maabara.

Kwa nchi zetu, makala ya muungano mara nyingi ndiyo pekee inayoonyesha miaka kumi ya kazi ya mtu. Kuendesha rejista ya saratani ni kupita wodi kwa wodi na maabara za patholojia, kuweka kila uvimbe msimbo wa ICD-O (mfumo wa kimataifa wa kuainisha uvimbe), kuondoa mgonjwa aliyeandikishwa hospitali mbili kwa majina mawili, kisha kufuatilia nani yu hai na nani amefariki mahali ambapo vyeti vya vifo havikamiliki. Rejista ya Kampala imekuwepo tangu 1954 na namba zake zimeingia kwenye makala zisizo na idadi. Aliyeshika kazi ya namna hiyo anatokea wa 214 kati ya waandishi 400 kwa sababu majina yalipangwa kwa alfabeti tu!

Kwa hiyo usihukumu kwa nafasi peke yake. Soma sehemu ya michango ya waandishi mwishoni mwa makala. Majarida mengi hutumia mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, na mojawapo ni utunzaji wa data. Kama hakuna maelezo, mtake alete barua ya nusu ukurasa kutoka kwa mratibu wa muungano ikisema alileta nini: rekodi ngapi, za miaka ipi, na kama alishiriki uchambuzi. Barua isiyosema namba yoyote ichukulie kama salamu.

---

Takwimu_za_Uvimbe

@Mwana_Rejista sina ugomvi na hilo. Kutenga ni kuweka kwenye safu yake, siyo kuweka sifuri. Na hiyo barua ni wazo zuri kuliko langu.

---

Mlinda_Takwimu

Swali la 4, kwa ufupi. Orodha hiyo inatengenezwa na John Ioannidis na wenzake, yeye ni profesa wa Stanford, ndiyo jina lilikotoka. Hakuna kamati iliyokaa ikachagua mtu. Ni hesabu ya Scopus yenye viashiria sita, vikiwemo jumla ya nukuu, h, h iliyorekebishwa kwa idadi ya waandishi, na nukuu za makala ambazo mtu ni mwandishi pekee, wa kwanza au wa mwisho. Kwa hiyo aliyejaa makala za katikati huwa anashuka, jambo ambalo ni zuri kwa kazi yako.

Muulize yumo kwenye orodha ipi, maana zipo mbili: ya maisha yote ya kazi, na ya nukuu za mwaka mmoja. Za vyuo nyingi mnazoona kwenye mabango ni ya mwaka mmoja. Pakua faili lenyewe, linatolewa bure, mtafute kwa jina, na usome safu tatu: tawi la fani aliloangukia, asilimia ya kujinukuu, na kwenye matoleo ya karibuni idadi ya makala zilizofutwa. Asilimia 2 inahesabiwa ndani ya tawi lake, siyo kati ya wanasayansi wote wa dunia. Sentensi ya CV iandikwe upya kwa maneno hayo.

Kujinukuu kwenyewe si dhambi. Mwenye mradi mmoja mrefu lazima ataje makala yake ya mbinu kila anapoandika. Fungua tu zile makala zinazojinukuu uone kama rejea zina kazi kwenye sentensi zilipo, au zimerundikwa kumi kwa pamoja mwishoni mwa sentensi ya utangulizi.

---

Katibu_wa_Jopo

Nashukuru sana wakuu, nimeshapata pa kushika. Nimeanza na DOI na tayari nakala pacha zinatoka.

Mawili yamebaki. Moja, makala yake ya 2016 ina tangazo la marekebisho. Niichukulieje, na nijuaje kama kuna iliyofutwa? Pili, kuna mjumbe anayesema athari ya mtafiti wa saratani ionekane kwa wagonjwa, siyo kwa nukuu. Hilo linapimwaje bila kubaki maneno matupu?

---

Benchi_la_Maabara

Nijibu la kwanza.

Marekebisho, tamko la wasiwasi na kufutwa ni mambo matatu tofauti. Marekebisho yanaweza kuwa jina la mfadhili lililosahaulika au picha iliyowekwa mara mbili. Lisome tangazo lenyewe, mara nyingi ni aya moja. Tamko la wasiwasi maana yake wahariri wanachunguza. Kufutwa maana yake makala haifai kutegemewa, na bado sababu inaweza kuwa kosa la bahati mbaya ambalo mwandishi mwenyewe aliliripoti. Huyo apewe heshima yake.

Tafuta sehemu tatu. PubMed: jina lake pamoja na retracted publication[pt]. Kanzidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref iliinunua Septemba 2023 na sasa ni wazi kwa kila mtu. Halafu PubPeer, tovuti ya kujadili makala zilizochapishwa, ingiza DOI za makala zake kumi kubwa uone kama kuna mjadala. Cha PubPeer ni hoja, siyo hukumu. Fungua picha inayolalamikiwa uitazame mwenyewe.

Kwenye baiolojia ya saratani picha ndiyo mahali pa kwanza kuangalia. Elisabeth Bik na wenzake walikagua makala 20,621 kutoka majarida 40, wakachapisha matokeo 2016: asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye matatizo. Kinachoonekana sana ni mistari ya western blot (picha ya kipimo cha protini) iliyorudiwa, au kugeuzwa juu chini na kupewa jina la protini nyingine. Angalia mistari ya protini ya kulinganishia, kama beta-aktini: ileile ikitokea kwenye majaribio mawili yanayosemekana kufanyika siku tofauti, uliza.

Mbaya zaidi ni makala nzima iliyonunuliwa. Mwaka 2017 jarida la Tumor Biology lilifutiwa makala 107 kwa mkupuo kwa sababu wahakiki walikuwa wa bandia: majina ya wanasayansi halisi, barua pepe za uongo. Dalili ninazoziangalia ni mtu kubadilisha ghafla aina ya saratani kila makala (mapafu, mfupa, ini), kiini cha makala kuwa jina la mikroRNA (molekuli ndogo inayodhibiti jeni) lililobadilishwa tu, na waandishi wenzake hawajawahi kuandika naye kabla wala baada.

Na ujue nukuu hazijui nzuri na mbaya. Makala ya Anil Potti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Nature Medicine 2006, ilidai kutabiri dawa ya kemo itakayomfaa mgonjwa kwa kusoma jeni za uvimbe. Ilinukuliwa sana, na majaribio kwa wagonjwa yakaanzishwa. Keith Baggerly na Kevin Coombes wa kituo cha saratani cha MD Anderson walipoichambua upya data waligundua orodha za jeni zimesogea mstari mmoja, na mahali pengine lebo za "inasikia dawa" na "haisikii" zimegeuzwa. Makala ilifutwa 2011. Sehemu ya nukuu zake ni za watu waliokuwa wanaikosoa, na hesabu inaziweka zote kapu moja.

Majarida nayo: kuonekana PubMed hakutoshi. PubMed ina MEDLINE, ambako jarida huchaguliwa, na pia ina PMC, hifadhi ya makala kamili, ambako makala inaweza kuingia kwa sababu tu mfadhili anataka iwekwe wazi. Tafuta jarida kwenye NLM Catalog usome kama limeandikwa liko MEDLINE kwa sasa. Kutokuwa MEDLINE hakulifanyi la kitapeli, mengi ya AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni, ni ya heshima na hayamo. Lenye kuahidi uhakiki ndani ya siku tatu ndilo la kukimbia.

---

Daktari_wa_Majaribio

Kuhusu athari kwa wagonjwa, linapimika. Kuna mfano wa kwetu ambao jopo lolote litauelewa.

Mwaka 2022 jaribio la KEN SHE, lililofanywa Kenya na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na washirika wao, lilionyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inakinga maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 ndani ya miezi 18, kwa wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Mwaka huohuo jaribio la DoRIS la Mwanza, lenye wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, lilitoa matokeo ya kinga mwilini kwa dozi moja, mbili na tatu. Aprili 2022 kamati ya wataalamu wa chanjo ya WHO ikapendekeza dozi moja itambuliwe, Desemba waraka wa WHO ukatoka, na 2024 Tanzania ikahamia dozi moja.

Sasa chukua kikokotoo cha yule mjumbe wa impakti fakta. KEN SHE ilichapishwa NEJM Evidence, jarida lililoanza Januari 2022. Impakti fakta inahitaji miaka miwili ya makala, kwa hiyo siku ile jarida halikuwa nayo kabisa. Kwa kujumlisha, makala iliyosaidia kubadilisha ratiba ya chanjo ya nchi nyingi ingepata sifuri.

Kwa hiyo fuata mnyororo kutoka makala hadi kwa mgonjwa, na kila kiungo kiwe na waraka. Fungua miongozo: ya WHO, ya NCCN (mtandao wa vituo vya saratani vya Marekani) kwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, ya wizara (Kenya kwa mfano ilitoa itifaki zake za tiba ya saratani 2019). Tafuta jina lake kwenye rejea, kisha rudi kwenye ukurasa rejea ilipotumika usome sentensi. Inabeba pendekezo la tiba, au ni takwimu ya utangulizi? Andika jina la mwongozo, mwaka, ukurasa, na aina ya matumizi. Scopus haihesabu nyingi ya nyaraka hizi. iCite ina safu ya makala za kitabibu zilizomnukuu. Ni pa kuanzia, lakini nyaraka za wizara hazimo.

Kama anaendesha majaribio, tumia namba za usajili, NCT yenye tarakimu nane (ya ClinicalTrials.gov) au PACTR (ya rejista ya majaribio ya Afrika). Linganisha mambo manne kati ya usajili na makala: tarehe ya kusajili dhidi ya tarehe ya mgonjwa wa kwanza (tangu 2005 ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inataka usajili utangulie), idadi ya wagonjwa iliyopangwa, kipimo kikuu cha matokeo, na tarehe ya kukamilika. Kipimo kikuu kikiwa "kuishi kwa jumla" kwenye usajili, halafu makala ikaongelea "kusinyaa kwa uvimbe", kuna maswali. Historia ya mabadiliko iko humohumo ClinicalTrials.gov. Jaribio lililokamilika miaka mitano iliyopita bila chapisho ni pengo la kuulizia, na kwa wagonjwa waliojitolea ni deni.

Na muda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya kwa watoto kwenye British Journal of Surgery mwaka 1958, na mwanzoni wachache waliijali. Machi 1961 alitoa mhadhara Middlesex Hospital, London, na Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaripoti kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Jopo la 1961 lingesema nini kuhusu nukuu za Burkitt? Leo jina lake liko kwenye ugonjwa wenyewe, na wengi wanaoliandika hawataji makala yake, kwa hiyo hata sasa hesabu haimpi stahili yake.

Mfano wa aya ya taarifa, namba ni za kubuni:

"Kati ya vipengele 112 vilivyowasilishwa, 58 ni makala za utafiti zilizohakikiwa, 7 mapitio, 6 barua na maoni, 24 mihtasari ya mikutano, na 17 ni nakala pacha, makala za awali au za mtu mwingine. Kati ya zile 58, ni mwandishi wa kwanza kwenye 11 na wa mwisho kwenye 9. Tatu ni za miungano. h-indeksi kwa Scopus ni 19 zikiwemo, 17 zikiwa nje. RCR ya katikati ni 1.2. Hakuna makala iliyofutwa. Moja ina marekebisho ya kielelezo cha 3 yasiyogusa hitimisho. Makala mbili zimetumika kubeba mapendekezo ya mwongozo wa kitaifa, uk. 41 na 66."

Chini yake weka makala tano alizochagua yeye mwenyewe, kila moja na mistari mitatu: swali lilikuwa nini, yeye alifanya nini, nini kilibadilika.

---

Mkutubi_Rafu_ya_Tatu

Nyongeza moja kwa @Katibu_wa_Jopo: mtumie mwombaji hiyo Excel kabla ya kikao, mpe siku saba arekebishe. Zile utakazoziondoa, atakuwa na maelezo ya baadhi. Waombaji wote wachukuliwe namba kutoka chanzo kimoja, siku moja, na tarehe iandikwe juu ya ukurasa. Ukimchukua huyu Scopus ya Machi na mwenzake Google Scholar ya Juni, rufaa utaipata.